Mshazari Ulilingana, Nyumba Ikapinda

Aliyegundua ni fundi wa vigae, si mimi wala mwashi. Alianzia mlangoni, akapanga safu baada ya safu kuelekea ukuta wa ndani wa sebule, na alipokaribia mwisho akaniita. Vigae vya kando ya ukuta wa kushoto vilikuwa vikipungua upana kidogo kidogo, hadi kile cha mwisho kikawa kimeliwa karibu inchi mbili. Nikageukia kulia. Kulia nako ni yale yale. "Japuonj," yaani mwalimu kwa Kijaluo, akaniambia akiwa bado amepiga magoti, "nyumba yako imebanwa nyuma."

Nyumba yenyewe ni ndogo, iko mteremkoni Riat, ambako ukisimama barazani unaona uwanja wa ndege wa Kisumu na ziwa nyuma yake. Siku ya kuweka msingi nilikuwepo. Nilimwona mwashi akivuta kamba kwenye vigingi: mbele futi 20, ubavu mmoja futi 24, ubavu wa pili futi 24. Kisha akapima kona kwa kona, kwanza huku, halafu kule, akasogeza vigingi vya nyuma mara mbili tatu mpaka kamba zote mbili zikasoma futi 31 na inchi 1. "Imekubali," akasema, nami nikatikisa kichwa kama mtu anayejua. Tukamwaga zege. Upande wa nyuma hakuna aliyeupima. Ungepimwa ungetoa futi 19 na inchi 6.

Anayekiri haya alifundisha hesabu ya sekondari miaka tisa kabla ya kuhamia kwenye kalamu. Umbo la msingi wangu nimelichora ubaoni mara nyingi sana. Ni trapeza (umbo la pande nne ambalo mbele na nyuma ni sambamba lakini hazilingani urefu) yenye mbavu mbili sawa, na mishazari yake, ile mistari ya kona kwa kona, hulingana daima. Kwa hiyo mishazari kulingana hakutoshi kukuhakikishia kwamba una mstatili. Tena kosa lilikuwa likijitangaza kwa kanuni ya Pythagoras: 20 mara 20 ni 400, 24 mara 24 ni 576, jumla 976, na kipeuo chake cha pili ni 31.24, yaani futi 31 na karibu inchi 3. Kamba zetu zote mbili zilikuwa zimepungukiwa na inchi mbili. Simu yenye kikokotoo ilikuwa mfukoni mwangu muda wote huo.

Nimejiuliza sana kwa nini sikuona. Kusahau si sababu, maana ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia sifa za trapeza bila kukosea. Nilizijua sifa hizo kama mtu anavyojua majina ya vituo vya matatu kutoka Kondele hadi Ahero: kwa mpangilio, kwa kuimba, bila haja ya kuuliza barabara inaelekea wapi. "Kila mstatili una mishazari inayolingana." Kweli. "Kila chenye mishazari inayolingana ni mstatili." Uongo. Sentensi mbili zenye maneno yale yale, na nilizichanganya mbele ya mchanganyiko wa zege ambao sasa hauondoki.

Kiswahili kimetupa bahati hapa, maana neno pembe limebeba kona za ubao na zile za kichwani mwa ng'ombe. Fahali wanaopiganishwa Ikolomani wana pembe, hilo halina ubishi. Lakini ukipapasa gizani ukashika pembe, usitangaze kijijini kwamba umemshika fahali. Huenda ni mbuzi wa jirani. Mtoto wa chekechea anaielewa hoja hii mara moja. Ukiivisha maumbo na herufi A, B, C, mtu mzima mwenye shahada anateleza nayo.

Mimi naamini kwamba kazi kubwa ya jiometri katika sekondari ni kumzoesha mtu kutoteleza hapo. Vipimo vinakuja baadaye. Na naamini pia kwamba kazi hiyo ndiyo tuliyoiacha.

Tazama tunachofundisha. Katika mfumo wetu wa Kenya wa 8-4-4 unaoelekea ukingoni (watahiniwa wake wa mwisho wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ni wa mwaka 2027), jiometri haina kipindi chake. Imetawanywa ndani ya hesabu miaka yote minne. Kidato cha kwanza ni pembe, maumbo bapa, michoro ya rula na bikari, michoro ya skeli na maumbo mango ya kawaida. Kidato cha pili kinashiba kuliko vyote: ufanano na ukuzaji, uakisi, mzunguko, kanuni ya Pythagoras, saini na kosaini na tanjenti, maeneo, ujazo, pembe za ndani ya duara. Cha tatu kinarudi kwenye duara kwa mistari inayolikata na ile inayoligusa. Cha nne kinaleta maumbo ya pande tatu, njia za nukta, matriki, na longitudo na latitudo. Si kidogo. Nchini Marekani somo hili huwekewa mwaka mzima peke yake, kwa kawaida katikati ya miaka miwili ya aljebra, na ukipanga orodha zao kando ya zetu hutaona aibu yoyote.

Tofauti iko kwenye vitenzi. Fungua karatasi ya mtihani wetu usome maswali ya maumbo: tafuta, kokotoa, pima, chora. Mara chache sana utakutana na "onyesha kwamba". Neno "thibitisha" ni mgeni wa siku kuu. Mahali pekee ambapo mwanafunzi anaombwa sababu mara kwa mara ni kwenye pembe za duara, ambako huambiwa ataje ukubwa wa pembe na atoe sababu. Na sababu yenyewe ni nini? Ni jina la kanuni. "Pembe ya nusu duara." Andika hivyo, chukua alama yako, songa mbele. Kwa nini pembe iliyo ndani ya nusu duara iwe digrii 90 kila mara, popote utakapoiweka ile nukta kwenye tao, hilo halimhusu mtu. Nami nilifundisha hivyo hivyo, sijitoi. Wanafunzi wangu waliimba sababu tisa kwa mpangilio, na nilijivuna.

Kuna siku moja tu niliyobanwa. Msichana wa kidato cha kwanza aliyekuwa akichora kwa "rula na bikari peke yake", kama swali linavyopenda kusema, aliniuliza: "Mwalimu, mbona tunaambiwa tuchore digrii 60, 75, 105, hata 22 na nusu, lakini hakuna anayetuambia tuchore 20?" Nikamjibu haiko kwenye silabasi. Jibu la aibu. Ukweli ni kwamba digrii 20 haichoreki kwa zana hizo mbili. Kuichora ni kuigawa digrii 60 mara tatu sawa, jambo ambalo watu walilihangaikia kwa zaidi ya miaka 2,000 tangu enzi za Wagiriki, mpaka Mfaransa Pierre Wantzel alipothibitisha mwaka 1837 kwamba haiwezekani. Hakusema ni ngumu, wala kwamba bado hatujaipata njia. Haiwezekani, na haitawezekana kesho. Mtoto wa miaka 14 alikuwa amenusa mojawapo ya mambo makubwa katika historia ya hesabu kwa kutazama tu maswali yasiyoulizwa, nami nikamrudisha kwenye foleni.

Turudi kwa mwashi, maana yeye ndiye aliyenifundisha lililobaki.

Niliporudi kujenga jiko pembeni ya nyumba nilimwita yeye yule. Wengine walinishangaa, lakini kosa lilikuwa letu sote wawili, na kazi yake ya matofali haina mfano. Safari hii alianza na kona kwa njia ambayo kila fundi wa magharibi mwa Kenya anaijua: tatu, nne, tano. Unapima futi 3 kwenye kamba moja, futi 4 kwenye nyingine, unazisogeza hadi umbali kati ya alama hizo mbili uwe futi 5, na kona imekuwa skweya, yaani digrii 90 kamili. Nikamuuliza kama anajua kwa nini inafanya kazi. "Hata aliyenifundisha hakujua," akasema. "Ukiuliza sana unaambiwa shika kamba."

Wakati wa nyoyo (mahindi na maharagwe ya kuchemsha) na chai nikachana karatasi ya mfuko wa saruji, nikakata pembetatu nne zinazolingana kabisa, kila moja na pande za 3 na 4 zikikutana kwenye kona ya skweya. Nikachora mraba wa 7 kwa 7 kwenye mchanga uliosawazishwa. Ukiziweka zile nne kwenye kona nne za mraba, katikati unabaki mraba mmoja ulioinama, umejengwa juu ya upande mrefu wa pembetatu. Ukizisogeza ziungane mbilimbili ziwe mistatili miwili, inabaki miraba miwili iliyonyooka, mmoja wa 3 na mwingine wa 4. Kiwanja ni kile kile, pembetatu ni zile zile nne, hivyo nafasi iliyobaki mara ya kwanza lazima ilingane na iliyobaki mara ya pili. Ule ulioinama ni 9 kuongeza 16. Ni 25. Upande wake ni 5.

Nilitegemea apige makofi. Akatafuna, akatazama, akasema: "Sawa. Lakini hapo wewe ulianza na kona ambayo tayari ni skweya, ukapata tano. Mimi kona yangu siijui. Ndiyo naitafuta. Mimi nimeanza na tano. Nani amekwambia kona itanipa skweya?"

Nimekaa madarasani miaka tisa na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza hilo, na sababu ni kwamba hakuna mwalimu, nikiwemo mimi, aliyewahi kuwapa nafasi ya kuliona. Kanuni ya Pythagoras inasema ukiwa na pembe mraba, ile kona ya skweya, namba zitakubaliana: miraba ya pande mbili fupi ikijumlishwa inatoa mraba wa upande mrefu. Mwashi anatumia kinyume chake: namba zikikubaliana, pembe ni mraba. Ni kauli mbili. Ile ya kwanza kuwa kweli hakuifanyi ya pili kuwa kweli, kama tulivyoona kwa fahali na mbuzi, na kama nilivyoonyeshwa na sakafu yangu. Euclid, aliyeandika Aleksandria, Misri, karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, hakuziacha zichanganyike. Kitabu chake cha kwanza kina kauli 48. Ya 47 ni Pythagoras. Ya 48, ya kufungia, ni hii ya mwashi.

Na jibu lake ni tamu. Nilimwonyesha geti la mbao la jirani, lililolala upande kama mlevi. Geti lile lina mbao nne za nje na halina ubao wa kukatiza. Mbao nne zilizopigwa msumari kwenye kona hucheza: urefu haubadiliki lakini umbo linainama utakavyo. Piga mbao tatu ziwe pembetatu, hazichezi. Huwezi kubadilisha pembe ya pembetatu bila kurefusha au kufupisha upande mmoja. Ndiyo maana paa zote za mabati kuanzia Nakuru hadi Busia zinabebwa na pembetatu. Sasa, nikamwambia, chukua pembetatu mbili. Moja ni yako ya kamba, yenye 3, 4 na 5, kona huijui. Nyingine ni yangu ya karatasi, niliyoikata kwa kona ya skweya, yenye 3 na 4, na tumekwisha kuona kwamba upande wake wa tatu ni 5. Pande zote tatu zinalingana. Na kwa kuwa pande tatu zikishajulikana pembetatu haina ruhusa ya kucheza, hizi mbili ni umbo moja. Basi kona yako ni kona yangu.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hivyo inategemea geti," akasema.

Inategemea geti. Katika silabasi yetu "pande tatu zikilingana" hufundishwa kama kipengele kimoja cha orodha chini ya uakisi, na Pythagoras ana mada yake kando, na hakuna anayemwambia mtoto kwamba la kwanza ndilo linaloshikilia la pili ili nyumba zisipinde. Thibitisho ni kamba inayounganisha mada. Ukiiondoa unabaki na mada nyingi zilizolala chini kama vigae ambavyo havijawekwa gundi.

Mtu ataniambia fundi amejenga miaka ishirini bila Euclid, na nyumba zimesimama. Kweli. Ila nyumba ikisimama haimaanishi tumejua ni kwa nini, na anayelipia ujinga huo mara nyingi ni mnunuzi. Chukua ploti. Hapa Kisumu, kama Nakuru, kipimo cha mazungumzo ni "hamsini kwa mia", na watu huiita thumuni ya ekari. Ekari ni futi za mraba 43,560. Thumuni yake ni 5,445. Hamsini kwa mia ni 5,000. Unakosa futi za mraba 445, ambazo ni chumba cha futi 21 kwa 21, na unakikosa huku ukiwa umeridhika. Hilo ni la kuzidisha tu, halihitaji jiometri.

Linalohitaji jiometri ni hili. Mnunuzi makini huja na utepe, anapima kutoka bikoni hadi bikoni, yaani jiwe la mpaka hadi jiwe la mpaka: 100, 50, 100, 50. Anaridhika. Lakini ploti ni geti. Kama kona si ya skweya bali ni ya digrii 70, pande zote zitabaki vilevile na eneo litashuka hadi karibu futi za mraba 4,700. Hakuna aliyedanganya kipimo chochote. Pande nne hazikuambii eneo la umbo la pembe nne, na kila mwanafunzi wa kidato cha pili amekokotoa eneo la msambamba, umbo la pande nne ambalo pande zinazotazamana ni sambamba, akaliona hilo kwa macho yake bila kulitambua. Ungepima mshazari mmoja tu ungejua: wa hamsini kwa mia iliyo skweya ni futi 111 na inchi 10 hivi. Kamba moja zaidi. Mpima ardhi aliyesajiliwa anayajua haya, lakini wangapi hununua kwanza ndipo wamwite?

Kuna mada moja ambayo ningeilinda hata kama zingine zote zingefutwa: longitudo na latitudo. Sisi tunaokaa huku tuna bahati ya ajabu nayo, na tunaifundisha kama hesabu ya nauli. Kumbuka kwanza kanuni ambayo kila mtoto anaijua, kwamba pembe za pembetatu zikijumlishwa ni digrii 180. Njia ya kawaida ya kuionyesha ni kukata kona tatu za karatasi na kuzipanga pamoja mpaka zifanye mstari ulionyooka. Inapendeza, ila inazungumzia karatasi ile moja tu. Thibitisho lenyewe linachora mstari kupitia kona ya juu, sambamba na upande wa chini, kisha linahamisha pembe mbili za chini kwenda juu. Mstari mmoja wa penseli, na umezimaliza pembetatu zote za ulimwengu.

Zote? Nenda Maseno, penye kibao cha ikweta kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia. Mweke mtu pale. Mweke mwingine Nanyuki, ambako ikweta inapita pia. Waambie wote wawili waupe mstari wa ikweta mgongo na watembee moja kwa moja kaskazini. Kila mmoja ameanza kwa digrii 90 kamili. Kwa sheria ya kidato cha kwanza njia zao ni sambamba na hawatakutana kamwe. Lakini watakutana kwenye ncha ya kaskazini. Pembetatu yao ina digrii 90, na 90, na juu yake tofauti ya longitudo ya miji hiyo miwili, ambayo ni kama digrii mbili na nusu. Jumla imepita 180.

Aliyekata karatasi tu hapa amekwama: alipima, akaambiwa ni sheria, na sasa sheria imevunjwa. Aliyeona thibitisho anajua mara moja pa kutazama. Lilisimama juu ya ule mstari sambamba, na juu ya tufe hakuna njia mbili zilizonyooka zisizokutana. Kanuni haikuwa uongo. Ilikuwa na sharti. Thibitisho ndilo linalokuonyesha sharti limejificha wapi. Sijui kitu kingine katika sekondari kinachofundisha jambo hilo kwa usafi kiasi hicho.

(Na tukiwa bado kwenye longitudo: saa zetu za ukutani zinafuata mstari wa digrii 45 mashariki, ambao hata haugusi Kenya. Kisumu iko karibu 34 na dakika 45. Kila digrii ni dakika nne za saa. Kwa wastani, jua letu linafika juu kabisa saa sita na dakika 41. Wanaolalamika kwamba watu wa Kisumu wanachelewa wazingatie hilo.)

Sasa tumeingia kwenye mtaala mpya. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wameanza sekondari pevu Januari 2026, wakagawanyika katika njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, sanaa na michezo. Mpango wa awali ulikuwa kuifanya hesabu iwe ya hiari kwa wasiochukua njia ya sayansi. Wazazi na walimu wakapiga kelele, na mwaka 2025 Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba itabaki ya lazima, lakini kwa sura mbili: hesabu kamili kwa wanasayansi, na nyepesi zaidi, ya mahitaji ya msingi, kwa wengine. Niliunga mkono kelele zile. Ila tulibishana kama watoto wasome hesabu au wasisome, na swali la hesabu ipi likapita bila kuulizwa.

Hofu yangu ni kwamba mtu akiambiwa apunguze uzito wa somo, cha kwanza kutupa ni thibitisho, kwa sababu linaonekana la wataalamu, na atabakiza vipimo, asilimia na riba. Ningepunguza kinyume chake. Atakayekuwa wakili, chifu, mwanahabari au mzee wa kusuluhisha mipaka ya mashamba huko Nyakach hatahitaji kukokotoa ujazo wa pia iliyokatwa kichwa. Atahitaji kusikiliza maelezo marefu na kusema: hapa umeruka, hukuonyesha. Tena thibitisho ni kazi ya maneno kuliko namba. Mwanafunzi aliyenipa sababu bora za pembe za duara katika miaka yangu yote alikuwa msichana wa klabu ya mijadala ambaye logarithimu zilimshinda kabisa. Angekuwa leo, angepelekwa kwenye hesabu nyepesi.

Siko kipofu kwa upande wa pili. Darasa lililofurika, vipindi vichache, mtihani mbele. Na Wamarekani wenyewe, walio na mwaka mzima, waliufanya uthibitisho kuwa safu mbili za daftari, kauli kushoto na sababu kulia, na watoto wao wamelalamika kwa vizazi kwamba wanazikariri safu hizo kama sala. Kwa hivyo kuongeza neno "thibitisha" kwenye mtihani wetu kutazaa nyimbo mpya tu. Ningependa machache yafanywe polepole: jumla ya pembe za pembetatu pamoja na safari ya Maseno, Pythagoras na kinyume chake, pembe ya nusu duara. Labda eneo la msambamba. Na kila kanuni inapoandikwa ubaoni, mwalimu aandike chini yake sentensi ile ile iliyogeuzwa, kisha anyamaze, awaache wabishane kama nayo ni kweli. Ningelipia muda huo kwa kupunguza uchoraji wa mageuzi ya matriki, ambao nilifundisha kwa uaminifu na sijawahi kukutana nao tena popote.

Vigae vya sebule bado vimekatwa kabari. Kiti kirefu kimesogezwa kuficha upande wa kushoto. Wa kulia tunamwachia mgeni aone mwenyewe.

Mwezi uliopita mwashi alinipigia akiwa Ahero, anajenga kitako cha tangi la maji, mraba wa futi 10. "Mwalimu, pande zote nne nimepima, zote kumi, na za nyuma pia nimepima," akasema, akakazia hapo kwenye za nyuma. "Bado napima kona kwa kona, ama niache?"

Nikamwambia apime.

"Kwa sababu gani, na zote zinalingana?" Kisha kabla sijafungua mdomo nikamsikia akicheka. "Ah. Lile geti," akasema, na simu ikakatika.